Msitu Wenye Geti

Tangu nizaliwe sijawahi kulipa ili niingie msituni. Kwetu msituni unaingia kwa miguu yako, unapiga kelele kidogo ili nyati wajue unakuja, basi. Sasa mimi, mtu mzima mwenye malori mawili barabarani na duka la vifaa vya ujenzi kule Minjila, nilisimama kwenye foleni Nairobi, jua la saa tatu likinichoma utosini, nikisubiri kuruhusiwa kutembea chini ya miti. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mbwa, na mbwa huyo alikuwa na kamba mpya shingoni. Wote wawili waliruhusiwa kabla yangu. Nilikasirika siku ile, na hasira hiyo haijaniisha mpaka leo.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Shule niliacha darasa la nne. Baba alipofariki nilichukua mtumbwi wake nikavusha watu mto Tana, kisha nikanunua baiskeli kuukuu nikabeba maembe kutoka kijijini kwetu Wema mpaka Garsen, magunia mawili kwa safari moja, kwenye matope ambayo leo pikipiki zinakwama. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo ukila embe tamu Mombasa, huenda limepanda gari langu. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Waliosoma wana vyeti vyao ukutani, mimi nina mdomo wangu.

Nilipopata, mtu wa kwanza kumkumbuka alikuwa mama. Nilimtoa Wema, ambako mafuriko yalikuwa yakiingia mpaka chini ya kitanda, nikamjengea nyumba ya mawe Minjila. Nikamwekea jiko la gesi. Nikampiga marufuku kuni. Nilimwambia, "Mama, wewe na kuni basi. Watu wakikuona na tita kichwani watasema mwanao ni mdomo mtupu." Bafuni nikaweka vigae vyeupe vinavyong'aa, nilivyovichagua mwenyewe dukani kwangu. Fundi aliniambia vile ni vya ukutani, havifai sakafuni. Nikamjibu kazi yake ni kubandika, si kunifundisha. Yule mama aliyekanyaga udongo miaka yake yote akatoka kuoga asubuhi moja, mguu ukateleza, nyonga ikavunjika.

Hospitali ya kwanza ikatutuma ya pili, ya pili ikatutuma Nairobi. Akapasuliwa, akawekwa chuma. Halafu daktari wa mazoezi, msichana mdogo tu lakini mkali, akaniita kando.

"Mzee, chuma kimekaa vizuri. Sasa imebaki yeye mwenyewe. Asipotembea wiki hizi, hatatembea tena. Atalala mpaka mwisho."

Nikaahirisha kila kitu, malori nikamwachia dereva wangu wa siku nyingi, nikahamia na mama kwa mdogo wangu wa kike anayeishi Nairobi, kwenye fleti ya chini. Nilidhani kazi itakuwa rahisi. Mimi nimeshawishi matajiri wa soko la Kongowea kununua maembe yenye madoa. Nitashindwa kumtembeza mama yangu mzazi?

Nilishindwa.

"Mama, simama, shika hiki chuma cha kutembelea, tutembee mpaka mlangoni."

"Mlangoni kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni mazoezi."

"Kama hakuna kitu, siendi."

Na hakwenda. Si kwamba alikuwa mkaidi, au niseme hakuwa mkaidi sana. Mama yangu katika maisha yake hajawahi kupiga hatua isiyokuwa na kitu mwisho wake. Ameenda shamba, ameenda mtoni, ameenda kuni, ameenda kumtazama mgonjwa, ameenda kanisani. Sasa umwambie atembee kutoka kitandani mpaka mlangoni, aguse mlango, arudi? Kwake huo ni wazimu. Wiki nzima ikapita hivyo. Mguu ukaanza kukonda kama wa korongo. Mimi nikamkaripia, nikambembeleza, nikamwahidi kitanda kipya. Akageukia ukutani.

Mdogo wangu ndiye aliyesema, "Kaka, mpeleke msituni."

"Nairobi kuna msitu gani?"

"Upo, mkubwa, uko hapa hapa mjini. Una njia za kutembelea. Watu wanaenda kupumzika."

"Wanaenda msituni kupumzika? Wamechoka na nini?"

Kesho yake nikamwambia mama tunaenda msituni, na kwa mara ya kwanza akauliza leso yake iko wapi.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye foleni ile. Nilipofika dirishani nikatoa noti, nzuri kabisa, za jasho langu. Askari wa kike, mwenye sweta la kijani na kicheko cha karibu, akaniambia, "Hapa ni simu tu, mzee. Pesa mkononi hatuchukui." Yaani pesa ya kuingia msituni nayo haitakiwi kuonekana! Nililipa kwa simu, na nyuma yangu mtu mmoja aliyevaa kaptula akikohoa ili nifanye haraka.

Ndani, lazima niseme haki, miti ilikuwepo. Mirefu, imesongamana, na ubaridi chini yake kama wa gudulia. Lakini kila mahali kibao. Kibao cha kushoto, kibao cha kulia, kibao cha usiguse, kibao cha kukuonyesha wewe mwenyewe umesimama wapi. Watu wanapita mbio, jasho likiwatiririka, nyuso zimekunjamana.

"Wanakimbia nini?" mama aliuliza, akisimama na kuangalia nyuma. Kwetu ukiona watu watatu wanakimbia kutoka kichakani, wewe wa nne huulizi, unakimbia.

"Hakuna kitu, mama. Wanakimbia tu."

Akasogeza chuma chake hatua chache mpaka kwenye benchi la kwanza. Akaiangalia njia.

"Njia hii inakwenda wapi?"

"Inazunguka msitu, halafu inarudi pale getini."

"Pale tulipoingia?"

"Naam."

"Basi tumefika," akasema, akaketi.

Nilipiga magoti mbele ya benchi lile. Mimi! Suruali yangu ya kitambaa kizuri kwenye vumbi jekundu. Nikamwambia, mama, daktari amesema usipotembea sasa utalala kitandani mpaka mwisho, nitakuzika kutoka kitandani. Sikuwa nimemwambia hivyo kabla. Akanishika kichwa. Nikaona machozi yananikaribia, nikaangalia pembeni nisije nikaaibika mbele ya watu wa kaptula.

Mama naye alikuwa akiangalia pembeni.

"Ile ni kuni," akasema.

Lilikuwa tawi limeanguka, limekauka vizuri, gamba lake limeshatoka.

"Ni kuni, mama."

"Na kule nyingine. Na kule. Watu wa huku hawapiki?"

"Wanapika kwa gesi. Na stima."

"Kuni zote hizi zinalala chini hivi!" Akashika chuma chake. Akasimama. Sikumshika mkono, aliinuka mwenyewe. "Okota hiyo."

Daktari alikuwa amemkataza kuinama. Kwa hiyo yeye alikuwa wa kuchagua, mimi wa kuokota. Na nataka mnielewe vizuri hapa. Kwetu mwanamume anapasua gogo, anachonga mtumbwi, anakata upondo wa kusukumia mtumbwi huo. Haokoti vijiti. Kuokota kuni ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana ana tita watu watauliza mkewe amekimbilia wapi. Mimi niliokota. Niliokota huku kibao kikinitazama.

"Si hilo. Hilo lina unyevu, litatoa moshi mpaka ulie. Lile pale."

Miti ya bara hakuijua. Alinifanya nivunje kila tawi nimpelekee puani. Mkalitusi aliunusa akaurudisha. "Hii ni dawa ya kifua, si kuni. Tupa." Tawi hadi tawi, tukaliacha benchi la kwanza, tukapita la pili, tukafika mahali njia inapopinda. Kijana mmoja akainua simu yake kutupiga picha.

"Unapiga picha ya nini?" nikamuuliza. "Wewe huna mama?"

Akaishusha.

Mama akavua leso ya mabegani, tukafunga tita, nikaliweka begani. Begani nilikubali; kichwani nisingeliweka hata kwa bunduki. Tukarudi polepole, na njia nzima mama anapanga atakavyomfundisha binti yake kupanga mafiga nyuma ya fleti.

Getini yule askari akasimama.

"Mzee, hizo ni nini?"

"Unaziona."

"Kuni hazitoki."

"Zikae zifanye nini?"

"Zioze. Ni chakula ya wadudu."

"Kwa hiyo mdudu ana haki, mama yangu hana?"

"Mdudu hatoki nazo getini, mzee."

Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Na wakati huo huo, naapa, yule mbwa wa asubuhi akapita kando yangu na bwana wake, na mdomoni ana kijiti, kikavu, kizuri, urefu wa mkono. Akatoka. Askari akamfungulia na kutabasamu.

"Na huyo?"

"Huyo ni mbwa."

"Naona ni mbwa! Amebeba kuni!"

"Hiyo si kuni, mzee. Anacheza nayo."

"Basi na sisi tunacheza! Tuache tupite tukicheza!"

Sauti yangu iliufikia msitu wote. Mimi nimezoea kuita lori likiwa ng'ambo ya mto. Nikawaambia wote waliosimama pale kwamba kwetu nako wamewahi kuja watu wenye kofia na miwani, wakatukusanya, wakatueleza habari ya kutunza msitu wa mtoni. Bibi zetu wameokota kuni humo tangu enzi, na msitu upo. Tumbili yupo, nyati yupo. Hatukuuzungushia waya wala hatukumtoza mtu kwa sababu ana miguu. Nyinyi hapa mmekata kila kitu mkajenga, mkabakiza kipande kimoja, mkakitia geti, halafu mnamfundisha mama yangu adabu ya miti!

"Pole, shosho," askari akamwambia mama, mimi akaniacha na hotuba yangu.

"Ananiitaje?" mama akaniuliza.

"Anakuita bibi, kwa lugha ya huku."

"Mwambie anirudishie leso."

Tukafungua tita, kuni zikabaki kando ya kibanda cha askari. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napayuka kwenye teksi. Mama alikuwa ameligeukia dirisha. Nikajua nimeharibu, kesho ataugeukia ukuta.

Asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, leso mbili. "Zile kuni zetu," akasema, "twende tukazione."

Hazikuwepo. Askari akatuambia bila aibu, "Tumezirudisha ndani. Ndiyo sheria."

"Mmezitupa! Jasho langu lote la jana!"

"Wewe nyamaza," mama akaniambia. "Tuanze."

Tukaanza. Siku hiyo, na iliyofuata, na ile ya baada yake. Kila siku nalipa, naokota, nafunga, nabeba, nanyang'anywa. Kila siku napiga kelele getini, mpaka wale watu wa kaptula wakanizoea na mmoja akawa ananipungia mkono. Mimi sikumpungia. Simu za biashara zilikuwa zinalia, dereva anauliza kuhusu tairi, na mimi nasimama katikati ya njia na kuni kwapani namwambia anipigie baadaye, niko kazini.

Lakini mama alikuwa anatembea. Wiki ya pili ile fremu ya chuma tuliiacha nyumbani, akawa na fimbo tu, akiitumia zaidi kunionyesha nilichoacha kuokota. Siku moja tukafika mpaka kwenye daraja dogo ambako kuna kijito. Kibao kimeandikwa mto.

"Huu ndio mto?"

"Ndivyo wanavyouita."

"Kwa wakulima wa Bura huu ungekuwa mfereji," akasema, "tena wa kumwagilia shamba la mjane." Akacheka. Tangu aanguke sikuwa nimemsikia akicheka.

Kitu kimoja kilikuwa kikinisumbua. Kulikuwa na kuni moja yenye nundu katikati kama kiwiko. Niliiokota siku ya pili karibu na benchi la kwanza, kisha karibu na la pili. Halafu nikaiokota tena kwenye kona. Halafu nikaiokota mbele ya daraja. Sikumwambia mama. Nilidhani macho yake hayaoni sawasawa, nikasema nikimwambia tunaokota kuni zile zile, atavunjika moyo, na mguu utarudi kitandani. Badala yake nikaamua kulimaliza jambo hili kiume. Nikaenda ofisini kwao.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa tai. Nilimweleza mimi ni nani, malori, duka, maembe, yote. Nikamweleza mama na nyonga. Nikamwambia nikitaka naweza kuleta kuni za lori zima kutoka Tana nikazimwaga mlangoni pake, kwa hiyo si kwamba nina shida na vijiti vyake, ni heshima. Alinisikiliza, hilo nakubali. Mwishowe akasema ataandika barua, kwa ajili ya mama, tita moja kwa siku, tuichukue kesho.

Nilitoka pale kifua mbele. Nikamkuta mama kwenye benchi lake, nikampa habari kama mtu aliyeua mamba.

Hakufurahi. "Nikipewa ruhusa," akauliza, "kesho nitaokota nini?"

"Msitu ni mkubwa, mama."

"Hii yenye nundu tumeiokota mara ngapi?"

"Nne."

"Tano. Moja uliiokota huku unaongea na simu." Akainyoosha fimbo yake kuelekea getini. "Unadhani nimepofuka? Binti yangu ana gesi, hata pa kuweka mafiga hana. Kuni za nini? Yule msichana nilimwambia mwenyewe, siku ile ulipokuwa unagombana na simu. Nikamwambia, ukizirudisha usizitupe hapa karibu. Kila siku zisogeze mbele kidogo."

Nilimwangalia yule askari. Alikuwa amegeuka upande, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Basi hapo ndipo niliposikia hasira ya kweli. Wanawake wawili walinifanya punda majuma mawili! Nimeinama mbele ya mbwa, nimepigwa picha, nimevunja kucha, nimetukana sheria ya nchi mbele ya hadhara, na wao wanajua! Nikafungua mdomo niwaambie. Halafu nikaona mama amesimama. Fimbo ameiegemeza kwenye benchi, ameisahau, amesimama kwa miguu yake miwili anasubiri nimalize kukasirika ili tuanze.

Barua sikuichukua. Nadhani iko ofisini kwao mpaka leo.

Daktari wa mazoezi alifurahi sana, akaandika kwenye karatasi yake kwamba mgonjwa alifuata mazoezi vizuri. Mazoezi gani? Hakuna aliyeandika jina langu popote. Nilitaka kumweleza, nikaona kwamba itabidi niseme nilikuwa naokota kuni, nikaacha.

Tuliporudi, mama alikataa Minjila. Hakuteta, alisema tu kwamba nyumba yangu ni nzuri na mimi nikae humo. Vigae vile nilivibandua kwa mikono yangu, sikumwita yule fundi, lakini hakurudi hata hivyo. Nikainua nyumba yake ya Wema, nikaijengea msingi wa juu kwa ajili ya maji. Nikampelekea jiko la gesi na mtungi uliojaa. Juu ya jiko hilo sasa anaweka ungo.

Juzi nimekwenda kumtazama, nimebeba mtungi mwingine, maana mimi sikati tamaa. Nyumbani hayupo. Jirani akaninyooshea kidole njia ya mtoni. Nikauacha mtungi mlangoni, nikaifuata, nikapiga kelele kidogo kwa ajili ya nyati, nikamwona anakuja taratibu, leso ameisokota kata kichwani, juu yake tita. Dogo, lakini tita. Mguu unaburuta kidogo sana. Niliwaka. Nikamwambia mama, unaniaibisha, Wema nzima itasema nini, nimekununulia gesi mara mbili!

Alinisubiri ninyamaze. Kisha akaonyesha kidole kando ya mguu wangu.

"Okota hiyo."

Tuliingia kijijini saa nne mchana, watu wote wako nje. Yeye mbele mikono mitupu, mimi nyuma na tita begani na hiyo moja mkononi. Mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa amesimama katikati ya njia akanipigia honi, akacheka. "Bosi, gesi imekuishia?"

Nikamwambia gesi ipo tele, mtungi mzima, aende akaulizie. Na hiyo pikipiki yake aisogeze pembeni, mama yangu anapita.